Mfereji Tuliouchimba

Februari 1958, katikati ya kiangazi, nilimpoteza mama mkwe wangu. Alikufa asubuhi, mukwa wake ukiwa umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Mukwa ni mkanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu huupitisha kwenye paji la uso ili mzigo ukae mgongoni. Alikuwa amebeba maji kwa mukwa tangu usichana wake, na kwenye paji lake palikuwa na bonde dogo ambalo halikuondoka hata alipolala.

Alitaka jambo moja kabla ya kufa, na sisi tulioishi naye tulilijua kwa sababu alilisema kila mara. Alitaka kuutundika mukwa huo kwa mkono wake mwenyewe, siku ambayo maji yangefika karibu na nyumba. Hakutaka ugonjwa ndio umvue mukwa. Wala hakutaka kuchotewa na mtu. Nilipoolewa tu nilijaribu kumpokea debe, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mwari," aliniambia, maana yake binti, "siku utakayoniletea maji, niletee na sanda."

Tulikaa juu ya Ruiru, upande unaopanda kwenda milimani. Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni ilitutoa kwenye nyumba zetu za zamani ikatupanga mistari mistari begani mwa mlima, mahali ambapo siku isiyo na vumbi unauona mlima wa Kilimambogo umekaa peke yake huko nyuma ya Thika. Aliyepachagua alifikiria ulinzi, hakufikiria maji. Mto ulikuwa chini kabisa bondeni. Kushuka hakukuwa neno. Kupanda, debe likiwa mgongoni na shingo imekazwa na mukwa, huo ndio uliokuwa mwisho wa maongezi ya kila mtu. Hata wanawake wenye maneno mengi walipanda kimya.

Kuna jambo lingine la miaka ile ambalo ni lazima niliseme, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Wanawake walikuwa wakitolewa asubuhi kwa filimbi kwenda kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Hakukuwa na malipo. Askari alisimama nyuma yetu. Kwa hiyo hilo neno mtaro lilikuwa limeoza midomoni mwetu, na filimbi zilipokwisha hakuna aliyetaka kulisikia tena.

Mume wangu alirudi kutoka kizuizini, akapata kazi kwenye machimbo ya mawe Ruiru. Alikuwa fundi wa kuchonga. Mwanzoni mwa mwaka wa 1957 alisikia huko machimboni kwamba watu wa maji wa jijini wanagawa kazi ndogo ndogo kwa wenyeji, na kwamba anayetaka tenda aende Thika akasikilize. Yeye hakusoma. Mimi nilifika darasa la tatu. Akaniomba tufuatane.

Tulipanda treni Ruiru. Tuliposhuka Thika nilisimama pale pale, mume wangu akanigonga kwa nyuma. Kando ya reli palikuwa na mabomba ya chuma yamelazwa mengine juu ya mengine, meusi, na jinsi yalivyokuwa makubwa, mwanamke mmoja alikuwa ameketi ndani ya moja akimnyonyesha mtoto, amejikinga na jua. Aliketi wima kabisa, na kichwa hakikugusa juu. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba maji yanaweza kujengewa nyumba ya namna hiyo ili yatembee ndani yake.

"Funga mdomo, nzi wataingia," mume wangu alisema. Lakini yeye mwenyewe alikwenda akaweka kiganja juu ya kile chuma, akakiacha hapo muda mrefu.

Ofisini tulikuta watu wengi nje. Aliyesoma zile kazi alikuwa karani mmoja kutoka pwani, Mwislamu mwenye kanzu safi na sauti ya upole, ambaye pia alikuwa mkalimani wa mzungu mmoja aliyesimamia kazi za maji. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka ungetaka arudie tu ili usikie tena. Alisoma tenda ya kokoto. Alisoma tenda ya mawe ya kuchonga. Kisha akasoma tenda ya mifereji.

"Mifereji ya wapi?" mume wangu aliuliza.

"Ya milimani kwenu, bwana. Kwenye miteremko yote iliyo juu ya mito."

Mume wangu alinibana mkono mpaka nikaumia. Kwetu sisi watu wa bara mfereji ni kile chuma cha kufungua, maji yakatoka. Ukisema maji ya mfereji, unasema maji ambayo hayachotwi mtoni. Sikujua kama neno hilo lina maana nyingine, na mume wangu hakujua, na mle uwanjani sidhani kuna Mkikuyu aliyejua. Tuliomba tenda zote mbili, mawe kwa ajili yake na mifereji kwa ajili ya kijiji. Tukapewa, mume wangu akaweka dole gumba.

Tulipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ametoka mtoni. Nilimweleza yale mabomba. Nilimweleza na yule mama aliyeketi ndani na mtoto wake. Aliuvua mukwa taratibu, akaushika mapajani.

"Ndani yake? Aliketi ndani?"

"Ndani, Mama."

"Na kichwa hakikugusa?"

"Hakikugusa."

"Haiya," alisema. Kisha baada ya muda, "Nitautundika huu."

Wiki iliyofuata yule mzungu alikuja na karani wake. Alikuwa mzee kidogo, mrefu, uso umechomwa na jua, na alikuwa na desturi ya kuokota udongo na kuufikicha vidoleni wakati wengine wakizungumza. Wanawake walikusanyika. Karani alisimama juu ya jiwe akasema, "Kina mama, watu wa maji wanataka mifereji katika mlima huu wote, kuanzia juu hadi hapa kijijini."

Vigelegele vilipigwa mpaka mzungu akavua kofia, akamtazama karani kama anayeuliza amewaambia nini. Karani naye alishangaa. Nadhani hakuwa amewahi kuona watu wakiifurahia kazi ya jembe namna ile.

Tulianza kuchimba. Mzungu alipita mbele na vijana wake, wakapanga vigingi kwa chombo cha kupimia, na sisi tukafuata vigingi. Mama mkwe alikuja na jembe lake ingawa hakuna aliyemwita. Alichimba kidogo, akapumzika, akachimba tena. Wanawake walitaniana siku nzima juu ya nyumba itakayopata mfereji wa kwanza.

"Mimi wangu uwe jikoni," mmoja alisema. "Nifungue nikiwa nimelala."

"Wewe ukifungua ukiwa umelala utaamka Thika, umepelekwa na maji."

"Na mume wako je? Si ataanza kuoga?"

"Ngai! Hata mfereji una mipaka yake."

Jirani yetu, mwanamke mnene ambaye aliona kila kitu mapema kuliko wengine, ndiye aliyeanza kusita. Alisimama akaegemea jembe.

"Lakini hii kitu haielekei nyumbani. Tunazunguka mlima tu, kama tunaufunga mshipi. Bomba gani inazunguka mlima?"

"Bomba ni kama nyoka," mama mkwe alimjibu. "Umeona nyoka akiteremka mlima moja kwa moja? Chimba."

Tukachimba. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza chini yake, kisha mwingine. Mume wangu alijenga mawe mwishoni mwa kila mstari, mahali ambapo maji ya ziada yangetokea bila kula udongo. Hata yeye alikuwa ameanza kunyamaza jioni. Mtu anayejenga kwa mawe hujua kitu kimekusudiwa kazi gani, lakini sidhani alitaka kujua.

Mstari wa mwisho, uliokuwa karibu kabisa na nyumba, ulipomalizika, karani alikuja kuupima. Mama mkwe alikuwa chini ndani yake, ameketi pale alipomalizia kuchimba. Alisimama, akajipangusa mikono, akamwamkia vizuri, akamuuliza, "Sasa mwanangu, mabomba yanaletwa lini?"

"Mabomba yapi, mama?"

"Ya mfereji."

Karani alimtazama, akatutazama sisi wengine, na nikaona uso wake ukibadilika kabla hajasema.

"Mama, uniwie radhi. Mfereji ndio huu. Umesimama ndani yake."

Yule jirani mnene alitupa jembe lake chini, likagonga jiwe.

"Mtaro! Wametuchimbisha mtaro tena!"

Wengine nao wakatupa majembe. Kelele zilikuwa nyingi. Mmoja alilia, nami najua hakulia kwa ajili ya bomba, alilia kwa ajili ya ile filimbi. Karani alisimama katikati akirudia kwamba kila mtu atalipwa kama walivyoandikiana, kwamba hii ni kazi ya hiari, kwamba kwao pwani neno ni hilo na hakukusudia kumdanganya mtu. Nilimwamini wakati ule na namwamini sasa. Sisi tulisikia neno letu, yeye alisema neno lake, na yote mawili yalikuwa neno moja.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliketi tena ukingoni mwa mtaro, miguu ndani, na akawa mdogo sana machoni pangu. Mume wangu alikwenda kusimama karibu naye.

Mzungu alikuwa upande wa juu wa mlima. Aliposikia kelele aliteremka, karani akamweleza. Sikuelewa walichosema. Nilimwona mzungu akishika kichwa. Kisha akaja akachuchumaa mbele ya mama mkwe, mtu mzima na suruali yake ndani ya udongo, akaanza kusema polepole, karani akifuatisha.

Alisema mabomba ya Thika ni ya jiji na hayatapita kwetu, na hawezi kutuahidi kitu ambacho hana. Alisema mvua ikinyesha mlima ukiwa mtupu, maji hukimbia na udongo, yakaujaza mto matope na kuuacha mkavu wakati wa jua. Lakini yakizuiliwa mlimani hukosa pa kukimbilia, hivyo huzama. Na yakishazama hayapotei. Hutembea chini ya ardhi, polepole kuliko mzee yeyote, mwaka baada ya mwaka, mpaka yatokee mahali. Alisema jijini kutakuwa na watu wengi ambao leo hawajazaliwa hata wazazi wao, na maji watakayokunywa lazima yaanze safari sasa. Kazi yake, alisema, ni kuyaanzisha safari tu. Yeye hatayaona yakifika.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia karani, "Muulize hivi. Mwaka nilioolewa kulinyesha mvua nyingi sana, hata wageni walikwama kwetu. Kulikuwa na msitu hapa juu. Yale maji yako wapi sasa?"

Wanawake wawili watatu walicheka. Karani alitafsiri. Mzungu hakucheka. Aligeuka akautazama mlima, akamtazama mama mkwe, labda akikisia miaka yake, akautazama tena mlima. Kisha akanyoosha kidole, akaelekeza ardhini, mahali fulani kati ya mstari wa mwisho na nyumba zetu.

"Anasema hawezi kuapa," karani alisema, "lakini pengine mengine bado yako hapo chini. Pengine bado yanakuja."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mahali hapo. Nilisogeza miguu. Nimeingia makanisa mengi tangu siku hiyo na sijapata tena kusimama juu ya ardhi nikahisi vile, kwamba chini ya nyayo zangu kuna mvua ya arusi ya mtu, inatembea gizani, haijafika.

Mama mkwe naye alikuwa anapatazama mahali pale pale.

"Kumbe huyu," alisema, "anamchotea maji mtoto ambaye hajazaliwa." Akanyoosha mkono, mume wangu akamwinua. "Nipe jembe langu. Huku mwisho sijasawazisha."

"Nyanya, utachimba mtaro?" jirani alimwambia kwa hasira.

"Nachimba mfereji. Hukusikia mtu wa pwani? Au wewe unajua Kiswahili kumshinda?"

Si wote waliorudi kazini siku hiyo. Jirani alikaa siku kadhaa bila kuja. Lakini miche ya mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, ilipoletwa ya kupandwa ukingoni mwa mitaro, na miche ya migumo, ile mikuyu ya kwetu, ya kupandwa huko juu, alikuwepo, akilalamika kwamba tunapanda vibaya.

Masika yalianza Aprili. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mchana. Ilipokatika tulitoka nje, na nilichokiona sikuwa nimekitegemea. Mlima wote ulikuwa umevaa maji. Kila mtaro ulikuwa umejaa, umetulia, mmoja juu ya mwingine hadi kileleni, na kila mmoja ulikuwa na kipande chake cha mbingu ndani. Mume wangu alisema kitu kuhusu mawe yake, kwamba yameshika.

Kesho yake asubuhi mitaro ilikuwa mitupu. Hakuna hata tone lililokuwa limeteremka kijijini. Mlima ulikuwa umeyanywa yote.

Mama mkwe alipanda hadi mtaro wa mwisho, akapiga magoti pale mzungu alipoelekeza, akaweka sikio chini.

"Nyanya anasikiliza maji!" watoto walipiga kelele. "Yanasemaje?"

"Yanasema mnyamaze."

Ikawa desturi yake. Akitoka mtoni, akishatua debe, alipanda pale kusikiliza. Watu walimcheka kidogo, kisha wakazoea. Nilimuuliza siku moja kama kweli anasikia kitu.

"Sisikii," alisema. "Lakini si vizuri mgeni afike akute hakuna mtu mlangoni."

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa haba, na kiangazi kikaja kikali. Mto ulishuka. Mahali pale palikuwa pakavu kama kwingine kote, na mama mkwe akaanza kukohoa. Aliendelea kwenda mtoni. Tulimwomba asiende, mume wangu hata alificha debe, lakini mama alilitafuta mpaka akalipata. Siku ya mwisho aliyokwenda alichukua nusu ya mchana kupanda. Niliteremka kumlaki, akanikataza kwa mkono nisikaribie. Alifika, akamimina maji kwenye mtungi wake, akanipa mukwa.

"Nitundikie," alisema. "Kesho nitauhitaji."

Kesho yake hakuweza kuondoka kitandani.

Nilifanya jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Ule mtungi sikuuchanganya na maji yangu. Sisi tulikunywa niliyochota mimi, naye nilimpa yale aliyoyaleta mwenyewe. Alinyweshwa kidogo kidogo. Jioni moja alishika kikombe akaniuliza, "Ni nani amechota haya?"

"Ni wewe, Mama."

Alinitazama sana ili ajue kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Akanywa.

Alikufa kabla mtungi haujaisha. Maji yaliyobaki tulimwoshea. Nilimwosha uso mimi mwenyewe, na nilipofika kwenye paji, kidole changu kilitulia ndani ya lile bonde, nikakiacha hapo mpaka wenzangu waliponigusa bega. Hakuutundika mukwa wake kwa mkono wake. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema hilo, lakini hakuna.

Masika ya mwaka huo yalikuwa makubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Mitaro ilijaa na kunywewa, ikajaa na kunywewa. Juni, mvua zikiwa zimekatika na baridi imeingia, jirani yetu mnene alimfuata mbuzi wake aliyelegeza kamba, akamkuta amesimama chini ya mtaro wa mwisho, kwato ndani ya tope. Alituita kwa sauti ambayo nilidhani mtu ameumia.

Hapakuwa mahali pale hasa ambapo mzungu alielekeza. Palikuwa upande wa kushoto kidogo, mbele ya jiwe. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Mume wangu alichimba kwa mikono kwanza, kisha kwa jembe, na maji yakaja kutoka chini, machafu, halafu safi. Hayakuruka wala hayakuwa na sauti. Yalipanda tu ndani ya shimo kama mtu anayeinuka polepole, yakafika ukingoni, yakaendelea. Mume wangu aliyaonja. Yalikuwa baridi mpaka akafumba macho.

Watu walibishana. Mume wangu alisema ni mitaro. Mzee wa kanisa alisema ni Mungu. Babu mmoja alisema palikuwa na chemchemi hapo alipokuwa mtoto, kabla msitu haujakatwa. Mimi sijui. Mwaka huo ulikuwa na mvua nyingi, na pengine yangetoka tu. Wala siwezi kusema yalikuwa ya mwaka gani, kwa sababu maji hayana alama. Niliyatazama tu, nikaketi ukingoni.

Mume wangu alileta mawe kutoka Ruiru, akaizungushia chemchemi, akaacha mdomo wa kuchotea. Alichukua siku nyingi kuliko ilivyohitajika. Kila jiwe alilichonga mara mbili.

Alipomaliza, wanawake waliniachia nichote wa kwanza. Nilipanda na ndoo yangu, na kwa mazoea nilikuwa nimevaa mukwa wangu kichwani.

"Huo mukwa wa nini?" jirani aliniuliza. "Si nyumba yako ni ile pale?"

Niligeuka nikaitazama. Mlango ulikuwa wazi, na niliweza kumwona kuku akiingia ndani.

Nilichota. Nikaibeba ndoo kwa mkono, nikibadilisha mkono mara moja njiani. Nyumbani niliuvua mukwa wangu, nikautundika kwenye msumari, juu ya ule wa mama mkwe. Kisha nikamfukuza kuku, nikawasha moto.